Kumvua Karani Viatu

4 Mei

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba chumba ulichohamia hakivuji kama kile cha kwanza ulichotusimulia ile siku moja uliyopiga simu. Sisi huku hatujambo. Mimi nashona sare za shule toka asubuhi mpaka macho yanauma, na cherehani imeanza tena mtindo wake wa kula uzi. Mama anaendelea. Daktari anasema nyonga imeunga, ila imeunga inavyotaka yenyewe, kwa hiyo mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo kuliko mwenziwe. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi dirisha la sebuleni, anakaa pale na kuangalia barabara. Dirisha la nyuma, linaloangalia banda la farasi, hataki lifunguliwe. Bado hakumbuki lolote la siku ile baada ya kupanda na kutoka getini kwako.

Lililonifanya nishike kalamu ni farasi wake, Karani. Tangu uondoke hakuna aliyemgusa kwato. Bado amevaa viatu vya chuma ulivyompigilia mwenyewe mwezi wa pili, siku ya ajali ya Mama, na kwato zimerefuka mpaka anajikwaa. Unakumbuka ulimwita Karani kwa sababu anapiga mguu wa mbele chini kama mtu anayegonga muhuri. Siku hizi anaugonga kwa heshima.

Daktari wa mifugo alipita juzi, akamwinua miguu mmoja mmoja. Anasema kuta za kwato zimetobolewa misumari miaka kumi na mitatu, zimekuwa kama chujio, hakuna tena pa kushika msumari. Anataka avuliwe viatu kabisa, akae peku, ukwato mpya ukue kutoka juu, hata kama itachukua mwaka mzima. Kumvua, anasema, ni kazi ya fundi, na fundi wa karibu ulikuwa wewe.

Basi nielekeze, Mjomba. Uliyepigilia ndiye anayejua kung'oa. Mama hajui kwamba nakuandikia.

Mpwa wako,
Sindano


29 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako niliipata kitambo. Nisamehe kuchelewa, kazi zimebana. Hapa karakana tunachomelea mageti na nondo za madirisha, na wenzangu wananiita Bubu kwa kuwa siongei mpaka kazi iishe, na kazi haiishi. Chumba hakivuji. Kina dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani, na nimeshauzoea ule ukuta.

Nimefurahi kusikia dada anatembea.

Kuhusu farasi, ushauri wangu ni muuzeni. Ana miaka kumi na saba. Farasi aliyevaa chuma tangu ana miaka minne, ukimvua uzeeni ni kama kumtoa mtu aliyezoea viatu ukamtembeza juu ya kokoto. Atachechemea miezi, na wewe una cherehani ya kushughulikia na mgonjwa ndani. Mpeni mtu mwingine, yaishe.

Kama umeshakata shauri, basi fanya hivi. Kila msumari umetokeza ubavuni mwa ukwato na ncha yake imekunjwa chini. Usivute kiatu kabla hujazinyoosha ncha zote kwa patasi na nyundo ndogo, au uzikwangue kwa tupa mpaka ziishe. Ukivuta kwa nguvu utaondoka na ukuta wa ukwato. Koleo lianzie kisiginoni, upande huu kisha upande ule, ukienda taratibu kuelekea mbele. Chuma kikilegea, toa msumari mmoja mmoja. Halafu uviringe ukingo kwa tupa, kama unavyokunja pindo la gauni, pasibaki makali.

Anza na miguu ya nyuma. Ule wa mbele wa kulia mwachie daktari afanye mwenyewe, wewe mshike Karani kichwa. Ana tabia ya kuuvuta.

Msalimie dada, kama itafaa.

Mjomba wako


16 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama amepika mwenyewe kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye stuli, akaunguza chungu, akanilaumu mimi kwa kumwongelesha. Nikajua anapona. Salamu zako sikuzifikisha. Nilianza kusema, "Mjomba ame—", akaniuliza kama vifungo vya sare vimeletwa. Nikajibu la vifungo.

Viatu vimetoka. Daktari alikuja Jumamosi asubuhi na koleo lake, tukafanya miguu mitatu kwa saa mbili. Karani alisimama kama yuko kwa kinyozi, mdomo wa chini umelegea. Mimi ndiye niliyetoka jasho. Tulipofika mguu wa mbele wa kulia, daktari akaitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akaondoka mbio. Nikafikiria ulichoniandikia, kwamba nimwachie yeye. Lakini farasi mwenye kiatu kimoja hawezi kusubiri mtu. Nikajikaza kisabuni, nikauweka ule mguu mapajani mwangu, nikauvua mwenyewe. Hakuuvuta hata kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, Mjomba, kwa hiyo nakueleza kifundi nilichoona. Miguu mitatu ilikuwa na misumari sita sita, imepangwa vizuri, mkono wako naujua. Ule wa kulia ulikuwa na minane. Na pembeni ya ile minane kulikuwa na matundu mengine manne matupu, mapya, ukuta umepasuka kuanzia kwenye matundu hayo kwenda chini. Nguo ikiletwa kwangu na mshono wa namna hiyo, tundu za sindano safu mbili, najua kwamba mshono wa kwanza uliachia, mtu akashona juu yake kwa haraka.

Sikuulizi kitu. Nakueleza tu nilichoona.

Karani sasa yuko peku. Anatoka bandani akiweka mguu kana kwamba sakafu ni ya mtu mwingine.

Sindano


11 Julai

Mjomba, shikamoo.

Karibu mwezi mzima, kimya. Sijui kama umeumwa au umechukia. Mama hajambo.

Karani hali yake si nzuri. Kwenye majani anatembea, lakini kati ya banda na malisho kuna zile hatua thelathini za kokoto, na hapo anapita kama mtu aliyekanyaga makaa. Tangu juzi mguu wa mbele wa kulia hauweki chini kabisa. Ukiugusa una moto. Daktari yuko safarini mpaka wiki ijayo. Mama alimwona kwa bahati mbaya alipokwenda msalani, akasema, "Farasi mwoga, na sasa ni kilema. Tunamlisha wa nini?"

Kama umenikasirikia mimi, nijibu kuhusu farasi. Yeye hajakuandikia neno lolote.

Sindano


20 Julai

Mpwa wangu, marahaba.

Sijakukasirikia. Nimeandika barua tatu, nikazichana zote tatu. Hii nimeipa fundi mwenzangu anayekuja huko aikabidhi mkononi mwako, nisije nikaichana na hii.

Huo moto ni jipu, chini ya unyayo. Usiogope, hutokea sana chuma kikiondolewa: ukwato unaanza kuishi na uchafu uliofungiwa humo miaka mingi unatafuta pa kutokea. Kila asubuhi na jioni mtumbukize mguu kwenye ndoo ya maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, yenye chumvi nyingi, dakika ishirini. Kisha funga unyayo kwa pamba na vitambaa safi, juu yake mfuko mgumu. Jipu litapasukia ama chini ama juu, pale nywele zinapoishia na ukwato unapoanzia. Likipasuka, utaona ameweka mguu chini mwenyewe. Daktari akirudi amwone hata kama imepona.

Punguza nafaka, au iache kabisa. Nyasi kavu na maji vinamtosha. Farasi anayelishwa nafaka akiwa hafanyi kazi, moto unashuka miguuni.

Zile hatua thelathini usimpitishe peku. Mshonee viatu. Wewe una cherehani ya turubai. Msimamishe juu ya karatasi ngumu, chora mzunguko wa ukwato ukiwa umebeba uzito, ongeza upana wa kidole kimoja. Soli kata kwenye tairi kuukuu, upande wa pembeni si wa katikati, hupinda vizuri zaidi. Ndani weka kipande cha blanketi. Avae akipita kwenye kokoto, avuliwe akifika kwenye majani. Ukwato unataka kukanyaga ardhi. Ndiyo dawa yake.

Ukimgeuza unyayo, utaona ule mto laini wa pembetatu ulio katikati. Kwa Karani umesinyaa, na visigino vimebanana kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Hilo nimelifanya mimi. Kila nilipompiga kiatu nilichagua chuma chembamba kidogo, kwa sababu mguu mwembamba unapendeza machoni, na mama yako alipenda apendeze. Miaka kumi na mitatu. Dada aliwahi kuniambia, mara moja tu, "Mwache msimu mmoja apumzike." Nikacheka. Nikamwambia kila mtu na kazi yake.

Kuhusu yale matundu, msumari mwingine huvunjika, ukapiga pembeni. Ni kawaida.

Mjomba wako


2 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, mvua imetulia. Nimepata oda ya mapazia ya ofisi nzima, nashona mapazia mpaka naota mapazia. Mama sasa anakwenda hadi kwa jirani na kurudi, fimbo ameifunga kitambaa ili isimteleze mkononi.

Jipu lilipasuka siku ya nne, juu, kama ulivyosema. Siku ya tano alikuwa ameweka mguu chini na kunisukuma kwa pua, akitafuta nafaka aliyonyimwa. Viatu nimeshona. Jozi ya kwanza alitoka na kimoja, kingine kikabaki matopeni. Ya pili ilikuwa kubwa, akatembea kama bata. Ya tatu ina kamba mbili na kishikizo, na imemkaa. Watoto wa njiani wanasimama kumtazama. Mmoja aliniuliza kama farasi ana mtihani leo. Daktari amemgeuza kwato, akasema ule mto wa katikati umeanza kujaa, na juu, chini ya nywele, kuna ukwato mpya wa upana wa kidole, laini, hauna tundu hata moja. Nilikaa nikauangalia muda mrefu.

Sasa sikiliza. Mwenye machimbo ya kokoto alikuja wiki iliyopita. Anatafuta farasi wa kuvuta mkokoteni wa mawe. Atamrudishia chuma, anaye mtu wake wa kupigilia popote penye nafasi. Mama amekubali. Atakuja kumchukua mwisho wa mwezi ujao. Nilimsihi Mama. Akanijibu bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Mjomba wako alisema farasi alishtuka karatasi ya nailoni. Karatasi, mwanangu. Farasi aliyenitupa mimi kwa karatasi, kesho atamtupa mtoto wa mtu. Nimempenda huyu mnyama kuliko baadhi ya watu, na kwake nilikuwa mzigo."

Mjomba, nitasema nisilowahi kusema. Siku ile, baada ya Mama kupelekwa hospitali, nilirudi nyumbani mara moja kuchukua nguo zake na kitambulisho. Nilipita jikoni. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Nilikuona bandani, mgongo umeinama, mguu wa Karani mapajani, unapigilia. Damu ya Mama ilikuwa bado kwenye shati lako. Nikajiuliza, mtu gani anapigilia kiatu saa kama hii? Kisha nikachukua nguo nikaondoka. Ukaja hospitali baadaye ukasimulia habari ya nailoni, na mimi nikasimama pale na mfuko wa nguo mkononi, nikakubali kwa kichwa.

Miezi saba nimekubali kwa kichwa. Mimi nimenyamaza na wewe umenyamaza, na anayelipa ni yule asiyeweza kusema.

Mwambie, Mjomba. Au niambie mimi, nimwambie.

Sindano


20 Septemba

Mpwa wangu.

Leo siandiki habari za karakana.

Asubuhi ile nilikuwa nimeitwa na klabu ya wapanda farasi, wanyama kumi na wawili, na walitaka niwe nimefika saa nne. Dada aliniletea Karani saa mbili. Miguu mitatu ilikwenda sawa. Ule wa mbele wa kulia ukuta ulikuwa unamomonyoka. Msumari wa kwanza ukakamata, wa pili ukapasua, nikahamisha. Nilipofika wa nne niliona kwamba ukwato ule haufai kupigiliwa. Ungehitaji kuachwa wazi wiki sita. Ningemwambia dada, angesema, "Si nilikuambia mwaka juzi?" Na angekuwa na haki. Nami nilikuwa na farasi kumi na wawili wananingoja, na wenyewe ni watu wanaovaa saa za gharama na kuzitazama.

Nikaacha na misumari minne. Nikapaka mafuta juu, ukang'aa.

Dada alikuwa ameshaweka matandiko. Akaniuliza, "Yuko tayari?"

Nikamwambia, "Yuko tayari."

Akatoka getini.

Aliyekuja kunipa habari alinikuta nafunga vyombo. Nilimkuta dada amelala kwenye mteremko kabla ya daraja, na Karani amesimama pembeni yake, hatamu zimeburuta chini, hajakimbia. Farasi mwoga angekuwa kijiji cha tatu. Yeye alisimama pale juu ya miguu mitatu, amemwinamia. Kiatu kilikuwa kimegeuka upande, kimening'inia kwa msumari mmoja. Alikuwa amekikanyaga mwenyewe kwa mguu wa nyuma, ndipo akaanguka na dada. Hapakuwa na nailoni. Kabla watu hawajafika nilikivuta kile kiatu nikakitia kwenye mfuko wa vyombo. Dada alikuwa bado hajafumbua macho, na mimi nilikuwa nashughulika na chuma.

Mengine uliyaona dirishani.

Nilipoulizwa hospitali, neno nailoni lilitoka mdomoni kama vile lilikuwa linangoja humo. Nikadhani nitalirekebisha kesho. Kesho ikawa wiki. Wiki mbili nikahama. Nilikuandikia mumuuze, kwa sababu kila siku anayobaki hapo na kwato zile anakaa na ushahidi wangu miguuni mwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa busara ya mjomba wako.

Barua hii msomee dada. Au usimsomee, ukiona itamrudisha nyuma. Nakuachia wewe uamuzi.

Mjomba wako


6 Novemba

Mjomba.

Uliniachia mimi uamuzi. Nimeubeba wiki tano, na nataka ujue ulivyokuwa mzito, maana hukutakiwa kunipa.

Niliiweka barua yako chini ya mkeka wa cherehani. Kila siku nilisema leo. Lakini Mama alikuwa ameanza kucheka. Alikuwa amekwenda mwenyewe sokoni na kurudi na maboga mawili asiyoyahitaji, kwa furaha tu ya kubeba. Nikasema nisimharibie. Huo ndio uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba nilijua nikimaliza kusoma, swali la kwanza litakuwa langu.

Jumamosi iliyopita mwenye machimbo akaja na lori na kamba. Mama akamkaribisha chai, akakaa barazani. Nikaingia ndani, nikatoa barua, nikamwita Mama chumbani, nikafunga mlango. Nilimsomea nimesimama. Nilipofika pale Karani alipomwinamia, alinyoosha mkono nikadhani anataka niache. Alitaka karatasi. Akaisoma mwenyewe toka mwanzo, polepole, kidole kikifuata mstari.

Kisha akaniuliza, "Na wewe ulijua?"

Nikamwambia, "Nilikuona hujui, nikanyamaza."

"Sikuuliza hivyo."

"Nilijua, Mama. Nilimwona mjomba dirishani."

Hakunipiga wala hakulia. Akachukua fimbo, akatoka barazani, akamwambia yule mtu kwa adabu kabisa kwamba farasi hauzwi, kwamba kuna kosa limetokea nyumbani na si la farasi. Yule akasema amekuja na lori kutoka mbali. Mama akamwambia amalize chai.

Siku tatu hakusema nami ila mambo ya chumvi na mlango. Nilishona, nikafumua, nikashona tena. Siku ya nne asubuhi akaniambia, "Nipeleke nyuma."

Nilimshika mkono mpaka kwenye zile kokoto. Karani alikuwa upande wa majani, sikumvalisha viatu vya turubai, sikutarajia. Alipomwona Mama aliinua kichwa. Walikuwa hawajaonana kwa karibu tangu mwezi wa pili. Akaja. Alipofika kwenye kokoto alisita, akachagua pa kukanyaga, akapita zote thelathini peku, taratibu, bila kuchechemea, akasimama mbele yake na kunusa fimbo kutoka chini hadi juu. Mama aliweka paji la uso kwenye shingo yake. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, lakini nilisikia. Alisema, "Nimekutukana mwaka mzima. Nilikutukana na wewe unaumwa miguu." Mwaka haujatimia, lakini sikumsahihisha.

Akakaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jua likawa kali. Akaniomba nimwinulie mguu ule. Akapitisha kidole pale ukwato mpya unapokutana na wa zamani. Ukwato mpya umeshuka hadi nusu. Akauliza ule uliobaki utaondoka lini. Nikamwambia kufikia mwezi wa pili au wa tatu, kwa tupa, kidogo kidogo.

Tukiwa tunarudi ndani ndipo alipokutaja. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mwambie sijui kama nitamsamehe, na asinihimize. Lakini mwambie mimi ni dada yake, si mgonjwa wa kupelekewa habari kwa mkono wa mtoto. Akiwa na la kuniambia, aniambie mimi."

Basi, Mjomba, usiniandikie tena habari hii. Ya kwangu mimi na Mama tunaimaliza wenyewe, bado hatujaimaliza. Mwandikie yeye. Anuani ni ile ile.

Sindano


24 Novemba

Dada, shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikakaa nalo siku nzima, kwa kuwa tangu mlangoni mwa hospitali sijakuamkia. Sitakuuliza hali, haki hiyo sina bado. Mimi mzima.

Barua niliyomwandikia mtoto umeisoma. Yote niliyoandika mle ni kweli, ila sikuandika yote. Kuna moja nililibakiza, na nililibakiza kwa sababu lilikuwa lako wewe, si lake, na kwa sababu niliogopa.

Ulipotoka getini uligeuka kulia, kwenye lami. Nilikuwa nimesimama na nyundo mkononi. Miguu mitatu ilikuwa inalia sauti moja. Wa nne ulikuwa unalia mbili, mguu ukigusa na kiatu kikifuata nyuma yake. Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini, sauti ile hainipotei. Nilikusikia mpaka ulipofika kwenye kona. Ulikuwa huendi mbio. Ningeita mara moja tu ungesimama.

Sikukuita, dada. Kukuita kungekuwa kukiri, nikaona afadhali uende.

Nijibu hata kama ni neno baya. Nitalipokea.

Mdogo wako